Gauni Lisilo na Mwili

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie usanifu wa ukumbi wa makumbusho unaoonyesha kazi za maisha yote ya mbunifu wa mitindo. Nitaanzia pale ambapo wengi wetu humalizia, yaani kwenye sanamu la kuvalishia nguo.

Gauni lilishonwa livaliwe. Lilikusudiwa litembee, ligeuke, lisikike linapopita. Likishaingia makumbusho, hakuna atakayelivaa tena. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulirudishia mwili, na mwili huo haupatikani dukani. Wahifadhi hulipunguza sanamu, hulijaza sufi ya polyesta tabaka kwa tabaka, hulifunika kitambaa laini kinachovutika, hulivisha, hulivua, huanza upya. Vazi moja laweza kula siku nzima. Niliwahi kuona bega la gauni limevalishwa sanamu lililozidi upana kidogo tu. Kwa mbali lilipendeza. Nilipoinama karibu, matundu ya sindano kwenye mshono yalikuwa yamevutika, uzi umekaza kama kamba ya gitaa. Tangu siku ile sichori ukuta wowote kabla sijajua kila vazi litasimamaje.

Halafu mwanga. Kwa hariri na nguo nyingine zinazochujuka upesi, makumbusho mengi hufuata laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Ni mwanga hafifu, na una sababu: madhara yake hujumlika, na rangi iliyopotea hairudi. Wageni watalalamika kuwa kuna giza. Msiongeze taa. Jicho linataka muda wa kuzoea, basi mpeni mgeni muda huo kwa miguu yake: ujia unaofifia kidogo kidogo, usio na skrini kali wala ukuta mweupe unaong'aa, mpaka akutane na vazi la kwanza. Akifika hapo, zile laksi 50 zitamtosha kuziona shanga mojamoja.

Ubao na rangi za kuta navyo vina lao. Mbao nyingi za viwandani hutoa mvuke wa asidi, na ndani ya kabati la kioo mvuke huo hauna pa kwenda. Ndiyo maana wahifadhi hufunga kipande cha ubao kwenye chupa pamoja na vibati vya fedha, shaba na risasi, wakavipasha joto la nyuzi 60 kwa siku 28, kisha wakaangalia kama vimeota kutu. Siku 28! Ziwekeni kwenye ratiba mapema.

Maonyesho ya mbunifu wa mitindo Alexander McQueen katika Metropolitan Museum ya New York mwaka 2011 yaliingiza watu 661,509. Wengi humtaja mwanamitindo Kate Moss akielea gizani kama mzuka, ndani ya gauni la hariri nyepesi linalopepea polepole. Ile ilikuwa taswira tu, na ilitoka kwenye onyesho la mavazi la McQueen la mwaka 2006. Lakini tazameni ilichofanya: ilirudisha mwendo bila mtu kugusa uzi.

Mimi lakini huwa narudi kwa maonyesho ya mbunifu wa magauni Charles James, makumbusho hayohayo, mwaka 2014. Wasanifu wa Diller Scofidio + Renfro waliweka mikono ya roboti yenye kamera iliyopita taratibu juu ya magauni, na skrini pembeni zikaeleza jinsi kila kipande kilivyokatwa na kuunganishwa. Magauni yale yana mifupa ndani, yaani vijiti vinavyoshikilia umbo. Ukiyatazama kwa nje tu, umeona nusu ya kazi. Huo ndio usanifu wa maonyesho ninaoupenda: teknolojia iliyokuja kujibu swali la mshonaji.

Nimalizie na jambo dogo ambalo hupotea kwenye michoro. Nikiletewa mpango wa ukumbi, natafuta kwanza mgongo wa kila vazi. Sanamu zikipangwa zikiegemea ukuta, nafasi inapatikana, lakini mgongo ndipo vifungo viliposhonwa, ndipo mkato unapofichuka, ndipo mbunifu alipohangaika. Acheni njia ya kuzunguka, pana kiasi cha kiti cha magurudumu kupita na mtu mwingine kusimama. Ikishindikana kabisa, tieni kioo nyuma, kwa pembe ambayo hata mtoto ataona.

Asanteni. Karibuni maswali.