Mizinga Iliyokaa Karibu na Maji

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Aliyewahi kuingia Fort Jesus, Mombasa, ameuona mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamia Rufiji mwaka 1915. Mdomo wake una kipenyo cha milimita 105, na kombora lake lilikuwa na kilo 17 hivi. Shikeni kipimo hicho. Mizinga mikubwa ya Scharnhorst na Gneisenau, kruza za deraya za Kijerumani (manowari zilizovikwa ngao ya chuma), ilikuwa na mdomo wa milimita 210. Mdomo umeongezeka mara mbili tu, lakini kombora lilifika kilo 108. Zidisheni wenyewe.

Sasa twendeni Coronel, pwani ya Chile, tarehe 1 Novemba 1914. Admirali Cradock wa Uingereza anakabiliana na Admirali von Spee wa Ujerumani, mwenye Scharnhorst na Gneisenau. Ukihesabu mizinga tu, Cradock si mnyonge: manowari yake Good Hope ina miwili ya milimita 234 na kumi na sita ya 152, na nyingine, Monmouth, ina kumi na minne ya 152.

Lakini mizinga ile ilikaa wapi? Hapo ndipo penye kisa. Kwenye Good Hope, ile midogo ilipangwa ubavuni ndani ya vyumba vya chuma, mingi ikiwa ghorofa mbili, mmoja juu ya mwenzake. Safu ya chini ilikaribia maji. Siku hiyo bahari ilichafuka: ukifungua tundu la mzinga, wimbi linakuja ndani, ukilifunga, utampiga nani? Wapigaji wa chini walibaki na makombora mikononi. (Kwa maoni yangu, aliyechora meli ile aliichora akiwa bandarini.)

Wajerumani nao walikuwa na mizinga ya chini iliyosumbuliwa na mawimbi, ila ile mikubwa ilikaa juu, na sita kati ya minane iliweza kuelekezwa upande mmoja. Spee alingoja jua lizame nyuma ya Waingereza, wakaonekana kama vivuli ukutani. Mapema kabisa mzinga mkubwa wa mbele wa Good Hope ukanyamazishwa. Good Hope na Monmouth zilizama, watu wapatao 1,600, hakuna aliyeokoka.

Tarehe 8 Desemba, Visiwa vya Falkland, Spee naye alikutana na mizinga ya milimita 305 ya Invincible na Inflexible, manowari za Uingereza. Hakurudi.

Na Drake, iliyojengwa kwa mchoro uleule wa Good Hope? Vita vikiendelea, mizinga yake ya chini ilipandishwa sitaha ya juu.