Hiraeth si "maumivu marefu"

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia, maana kosa lenyewe halijaacha kuzunguka mitandaoni. Neno la Kiwelisi hiraeth ni huzuni ya kumkosa mtu au mahali. Mnaambiwa limetokana na hir, "refu", na aeth, "maumivu". Sivyo!

Mtanijibu kwamba aeth limo kwenye kamusi. Limo, ni neno la kale la uchungu na hofu. Lakini chukueni gwybod, "kujua", mlitie -aeth mwishoni: mnapata gwybodaeth, "maarifa". Je, maarifa nayo ni maumivu ya kujua? Hiyo -aeth ni kiambishi cha kuundia nomino, kama u- yetu inavyotoa urefu katika -refu, ila chao hukaa mwishoni. Urefu wa kamba Wawelisi huuita hyd. Hiraeth ni urefu wa moyoni.

Tazameni Kiayalandi cha kale: sírecht, "hamu". S yao ya mwanzo mara nyingi hulingana na h ya Kiwelisi. Chumvi kwao ni salann, Wales ni halen. Basi sír ndiyo hir, na -echt ni kiambishi vilevile. Maneno mawili yamelingana kipande kwa kipande, na maumivu hayamo.

Tena litamkeni vizuri: HI-raith, mkazo mwanzoni, th ya thelathini. Na msikimbilie "nina". Husemwa mae hiraeth arna i, yaani hiraeth iko juu yangu. Watu wa kusini mwa Wales hata mafua huyasema hivyo: mae annwyd arna i. Anayemkosa marehemu mama yake huongeza am fy mam. Hiyo am ndiyo inayoonyesha ni nani anayekoswa, na wanafunzi wengi huisahau.

Neno jingine la Kiwelisi, galar, nalisema mbiombio, muda umetutupa mkono. Hilo ndilo neno la msiba wenyewe, majonzi ya mfiwa. Kwa Kiayalandi galar ni ugonjwa. Likiungana na nad, "kilio", huwa galarnad, na ndivyo kinavyoitwa kitabu cha Maombolezo katika Biblia yao. Nad hiyohiyo ikifuata marw, "kufa", mnapata marwnad, tungo za kumlilia marehemu.