Illustrious: manowari iliyogoma kuzama, na mwaka wake wa Kilindini

Asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama huko nyuma sogeeni mbele, viti bado vipo. Leo tunaongelea meli moja tu, HMS Illustrious, manowari ya Waingereza ya kubeba ndege katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nimeichagua kwa sababu ilipigwa kipigo ambacho meli nyingi za aina yake zisingepona, halafu mwaka 1942 bandari yake ya kupumzikia ikawa hapa hapa Kilindini, na vijana wetu wengi hawajawahi kuambiwa hilo, mimi linaniuma kweli.

Tuanze na chuma. Illustrious ilijengwa Barrow kule Uingereza ikaingia kazini Mei 1940, na walioichora waliamua sitaha ya ndege, yaani ule uwanja wa juu zinaporukia na kutua, ifunikwe chuma cha unene wa milimita 76. Wamarekani wao sitaha zao zilikuwa za mbao. Sasa chuma ni kizito, ukikirundika juu kabisa meli inataka kupinduka, kwa hiyo hanga la ndege likabidi liwe la dari fupi na nafasi ndogo, meli ikaanza vita na nafasi ya ndege kama 36 tu wakati zile kubwa za Marekani zinabeba 70 na kupanda. Shikeni hapo.

Ndege zake maarufu zilikuwa Swordfish, mabawa juu na chini yamevikwa kitambaa, rubani kakaa wazi upepo unampiga usoni, topido moja, lile bomu linalokwenda chini ya maji, imening'inia tumboni. Usiku wa Novemba 11, 1940 ziliruka 21 kwa mafungu mawili kwenda kupiga manowari za Italia zilizotia nanga Taranto, bandari ya kusini mwa Italia. Shida ilikuwa kina cha maji, mita 12 hivi, na topido ukiidondosha toka angani kwanza inapiga mbizi ndio inanyanyuka, hapo ingejichimbia kwenye tope ikaishia hapo. Basi mafundi wakafunga kibiringo cha waya chini ya pua ya ndege, ncha yake ikashikwa kwenye pua ya topido, ukiachia ule waya unaivuta pua kidogo kwa hiyo topido inaanguka tumbo kwanza na haizami sana. Waya tu jamani! Kulipokucha manowari 3 kubwa, Littorio, Duilio na Conte di Cavour, zilikuwa zimelala kwenye maji mafupi, na Cavour haikurudi vitani tena. Waingereza walipoteza ndege 2, watu wawili wakafa na wawili wakatekwa.

Miezi miwili haijatimia, Januari 10, 1941, Illustrious iko magharibi ya Malta inasindikiza msafara. Zikaja ndege mbili za Italia chini chini, ndege za ulinzi zikashuka kuzifukuza, na kule juu pakabaki wazi, ndipo Stuka, ndege za mabomu za Wajerumani, zikatokea zikashuka wima kama kozi. Mabomu yasiyopungua 6 yaliipata. Moja zito lilitoboa hata ile sitaha ya chuma, jingine likaingia kwenye lifti ya nyuma ambayo haikuwa na kinga, hanga likageuka tanuri, usukani ukafa. Lakini moto haukushuka kwenye mashine, wale wa chini kwenye boila walibaki pale pale na joto lile, meli ikawa inaongozwa kwa kuongeza na kupunguza injini peke yake mpaka ikaingia Malta usiku. Watu 126 walikufa. Na Malta kwenyewe ikafuatwa tena ikiwa gatini inazibwa zibwa, ikachomoka kwa siri usiku wa Januari 23 kwenda Alexandria, kisha Suez, Durban, hadi Norfolk kule Marekani ikatengenezwe.

Iliporudi vita vilikuwa vimehamia bahari yetu. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, wakaizamisha Hermes, manowari nyingine ya kubeba ndege, ikiwa haina hata ndege moja ndani. Admirali Somerville, mkuu wa manowari za Waingereza za bahari hii, akahamishia kituo chake Kilindini. Hofu kubwa ilikuwa Wajapani wasije wakajikita Madagaska iliyokuwa chini ya Wafaransa wa Vichy, serikali iliyokuwa ikishirikiana na Wajerumani, maana hapo njia ya meli za kwenda Mombasa na Suez ingekatika. Mei 5, Illustrious na mwenzake Indomitable wakapiga Diego Suarez, bandari ya kaskazini mwa Madagaska, Swordfish zikazamisha nyambizi Bévéziers na meli ya Bougainville, na baada ya siku mbili tatu bandari ikawa mikononi mwao. Septemba ikarudi kulinda anga ya Majunga, bandari ya magharibi ya kisiwa hicho, na waliofuatia kushuka pale walikuwa brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, askari wa KAR (King's African Rifles), vijana wa kwetu wenyewe. Vitabu vingi vya meli hii hawa wanapewa nusu mstari, na wengine hata huo hawana, mimi siwezi kukubali.

Mwaka 1944 iko Trincomalee kule Ceylon, inapiga Sabang na Surabaya, bandari za Indonesia ya leo zilizokuwa mikononi mwa Wajapani, sasa imebeba ndege za kivita za Corsair za Kimarekani. Mnakumbuka dari fupi? Corsair ikikunja mabawa ilikuwa inagonga dari, ikabidi kila bawa likatwe ncha sentimita 20 hivi. Januari 1945 wakapiga viwanda vya mafuta vya Palembang, huko huko Indonesia, mara mbili, na marubani na wenzao 9 waliokamatwa Wajapani waliwaua baadaye Singapore, hawa tuwataje kila tunapoisifu kazi ile.

Okinawa, kisiwa cha Japani, ndio ilikuwa mwisho. Ekseli ya propela ya kati ilikuwa inatetemesha meli nzima, propela ikang'olewa Sydney na mwendo ukashuka hadi noti 24, kama kilomita 44 kwa saa. Aprili 6 ndege ya kamikaze, yaani rubani wa Kijapani anayejiua kwa kujigongesha, ikaikosa kidogo sana, bawa likakwangua mnara wa sitahani, bomu likalipukia majini ubavuni na kuumiza mbavu za meli kuliko ilivyodhaniwa mwanzo. Formidable, manowari mwenzake ya kubeba ndege, ikaja kupokea zamu, Illustrious ikarudi kwao, ikauzwa 1956 ikakatwa vyuma chakavu Faslane, Scotland.

Sasa kabla ya maswali nina ombi. Kama nyumbani kuna kipande, kile kitambulisho cha kazi cha zamani, cha babu aliyefanya kazi Kilindini miaka ile, au picha ya askari aliyekwenda Majunga, msitupe, nipitisheni niipige picha na nirudishe siku hiyo hiyo. Haya, nani anaanza?