Kwa nini tunazidisha: mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa hesabu, Goma

Wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana wa darasa la mwisho mliojaa huko nyuma, jambo.

Mmeniomba nieleze kazi yangu ya hesabu za maambukizi ya magonjwa. Ilianzia kwenye mfupa. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale Ishango, mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, humu humu Kivu ya Kaskazini. Akapata mfupa mdogo wa miaka ipatayo 20,000, umechongwa alama kwa mafungu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Nilipoiona picha yake nikiwa mwanafunzi, usingizi ulinitoka: hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Wengine wanasema mchongaji alikuwa akihesabu siku za mwezi, na mimi siapi kwamba alizijua namba tasa. Lakini kwa ajili yake niliingia katika nadharia ya namba, na humo nikakaa miaka mingi, nikafanya tasnifu, nikafundisha.

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa Agosti 2018, na Julai 2019 ikafika hapa mjini. Mnakumbuka ndoo za maji ya klorini kila mlangoni. Jirani yangu, mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alinisimamisha njiani: “Mwalimu, juu ya nini wanachanja watu wa nyumba ile ambao hawagonjwi, na sisi wengine wanatupita?” Watu wengi walikuwa na swali hilo, na kwa kukosa jibu wakaanza kushuku.

Nilikaa naye kibarazani. Nikamwambia: mgonjwa mmoja akiambukiza wawili, na kila mmoja wao akaambukiza wawili, tunapata 2, 4, 8, hatua ya kumi ni 1,024. Lakini tukiwachanja waliomgusa mgonjwa, na waliowagusa hao, wagonjwa wawili wakabaki wanaambukiza mmoja tu, basi 100 watazaa 50, 50 watazaa 25, na ugonjwa utakwisha hata kama mji mzima haukuchanjwa. Mama akafikiri, akasema: “Kumbe ni kama shamba likiwaka moto. Haufyeki mlima wote, unafyeka kando ya moto.”

Tangu siku hiyo utafiti wangu uligeukia hesabu za maambukizi, na somo lake nalifungua kwa maneno ya mama yule. Msingi wake uliwekwa mwaka 1927 na watafiti wawili wa Scotland, Kermack na McKendrick. Kermack alikuwa kipofu. Ajali ya maabara ilimpofusha mwaka 1924. Nawatajia hilo wanafunzi wanaodhani hesabu ni ya wenye bahati.

Sasa, mahali wanafunzi wanapokwama. Katika fomula yao, maambukizi mapya yanakwenda kwa kadiri ya idadi ya wazima ikizidishwa kwa idadi ya wagonjwa. Kwa nini kuzidisha, si kujumlisha? Miaka ya kwanza niliandika tu ubaoni, kwa Kifaransa, na wao wakanakili. Hilo lilikuwa kosa langu. Siku hizi nawasimamisha kumi upande huu, watatu upande ule, nawaambia wasalimiane kwa mikono, tunahesabu. Ni salamu 30. Kisha nawaondoa wale watatu. Ukijumlisha, unabaki na 10: maambukizi kumi bila mgonjwa hata mmoja! Ukizidisha unapata sifuri, kama inavyopasa. Walimu wenzangu, jaribuni hili kwa Kiswahili kwanza, ndipo muandike herufi. Mtihani ni wa Kifaransa, najua, lakini mtoto akishaelewa, Kifaransa chake nacho kinanyooka.

Vijana, ugonjwa ambao mgonjwa mmoja anaambukiza watatu: ni sehemu gani ya watu tuikinge ili abaki anaambukiza mmoja tu? Chaki ni hii. Wewe dada wa kitambaa cha bluu, uliyekuwa ukiandika muda wote, njoo utuonyeshe.