Toa, na Mwanao Aone

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma, sogeeni karibu. Leo nataka tuingie katika nyumba ya Sayyidna Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, tuwatazame watoto wake. Maana tunamsifu sana baba kwa ukarimu, lakini hatuulizi: ukarimu ule uliwafikiaje wanawe?

Mnakumbuka kisa cha ifki, Bibi Aisha, binti yake Abubakar, alipozuliwa uongo mji mzima ukanong'ona. Miongoni mwa walioueneza uvumi ule alikuwamo Mistah bin Uthatha. Mistah alikuwa maskini, mmoja wa muhajirina waliohama Makka kwenda Madina, jamaa yake Abubakar kwa upande wa mama, na aliyekuwa akimpa matumizi ni huyo huyo Abubakar. Yaani mtu anakula kwako, kisha anatoka nje kumvunjia heshima binti yako. Aya za kumtakasa Bibi Aisha ziliposhuka, Abubakar akaapa kwamba Mistah hatapata tena kitu kutoka kwake. Mzazi gani hapa angemlaumu?

Ikashuka aya ya 22 ya Sura An-Nur: wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa zao, maskini na waliohama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Wasamehe, waachilie mbali. Kwani nyinyi hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Abubakar akajibu palepale kwamba anapenda, wallahi anapenda. Akamrudishia Mistah matumizi yake, akaapa kwamba hatamkatia kamwe.

Sasa nataka mlitie moyoni jambo hili. Kisa hiki tumekipata kwa nani? Kimo katika Sahihi ya Bukhari, na anayekisimulia ni Bibi Aisha mwenyewe. Binti aliyeumizwa ndiye aliyemwona baba yake akiendelea kumlisha aliyemuumiza, akakihifadhi kitendo kile mpaka kikatufikia sisi. Hilo ni somo ambalo mzazi hawezi kulitoa kwa mdomo.

Dada yake, Bibi Asmaa, naye ana lake. Baba yao alipohama na Mtume, rehema na amani zimshukie, alichukua fedha zake zote, dirhamu 5,000 au 6,000. Babu yao Abu Quhafa, mzee asiyeona, akaja akisema huyu bwana ameondoka na mali yake, kawaachieni shida. Asmaa akaweka mawe mahali baba alipokuwa akiweka fedha, akayafunika kwa nguo, akaushika mkono wa babu akauweka juu yake. Mzee akatulia. Asmaa anasema wazi kwamba baba hakuwaachia kitu. Lakini hamsikii manung'uniko. Binti yule alijua mali ya nyumba yao inakokwenda na kwa nini inakwenda huko.

Miaka ikapita, akaja kusimulia mjukuu wa Abubakar, Abdullah bin Zubeir, mtoto wa Asmaa. Anasema hajapata kuona wanawake wakarimu kuliko Aisha na Asmaa, na kila mmoja kwa namna yake: Aisha akikusanya kidogo kidogo, vikitosha anavigawa, Asmaa hakuwa akiweka kitu kwa ajili ya kesho. Hiki mimi hunifurahisha sana. Mabinti walirithi moyo wa baba, kisha kila mmoja akautumia kwa tabia yake. Na mtoto naye alikuwa akiangalia.

Najua mtaniambia: Sheikh, sadaka si ifichwe? Kweli. Tumefundishwa juu ya mtu atoaye hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, Al-Baqara aya ya 271, inasema kudhihirisha ni kuzuri, na kuficha mkawapa mafakiri ni bora zaidi. Basi wafiche watu. Mwanao usimfiche, maana asipoona kwako ataona kwa nani?

Na siku hizi tunawaficha bila kukusudia. Unamtumia shangazi pesa kwa simu, unachangia msiba kwa simu, mtoto yuko pembeni anaona baba anabonyeza tu. Zamani ulibebeshwa sinia la futari limefunikwa kawa, ukaambiwa upeleke kwa jirani yule. Mikono yako ndiyo iliyotoa. Kwa hiyo mwite mwanao, mwambie: hii ni ya bibi yako, dawa zimemwishia. Hata kama siku hiyo mfukoni hamna ziada, hasa siku hiyo. Mzazi mwenye mkono wa birika asitegemee madrasa imtengenezee mtoto mkarimu.

Idi imekaribia. Zaka ya fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, mkubwa kwa mdogo, na itoke kabla ya swala ya Idi. Safari hii mchele upimwe sebuleni, watoto wamezunguka, na pishi ashike mtoto mwenyewe. Kisha nendeni naye, abishe hodi yeye, asalimie yeye. Ila mfunzeni adabu yake: asiende kuwasimulia wenzake shuleni nani amepewa.

Wasiojua nyumba zenye uhitaji hapa mtaani wabaki na imamu baada ya Magharibi, awaelekeze. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.