Shangazi alikuwa anafua noti

Shikamooni wazee, vijana mambo. Huko nyuma mnanisikia? Haya.

Mnakumbuka Machi 2020, kesi ya kwanza ya korona Tanzania imetangazwa tarehe 16, siku chache tu kila duka lina ndoo ya maji tiririka mlangoni, jamaa ananawa mpaka viwiko, chenji anapokea kwa ncha za vidole, halafu huyohuyo anajibana kwenye daladala mvua inanyesha vioo vyote vimefungwa na barakoa ipo kidevuni, na roho yake imetulia kabisa!

Kile ni kinyaa jamani. Wanasaikolojia wana dodoso la maswali 15, la mwaka 2009, sehemu yake moja inapima mtu anavyochukia vijidudu, yaani unaulizwa ukishika hela unahisi mikono imechafuka, penseli aliyoitafuna mwenzio utaandikia? Oneni hayo maswali, mengi ni ya kushika na kuona. Makamasi kinyaa kinayajua. Ila pumzi ya mtu anayecheka, hana hata kikohozi, haina rangi haina harufu, kinyaa kinalala usingizi. Na korona ilikuwa inapita humohumo kwenye pumzi.

Sasa uzushi nao una akili. Ule unaoshika ni ule unaokipa kinyaa kazi ya kufanya. Nyungu mnaijua, mwarobaini, mchaichai, malimao, unajifunika blanketi jasho linakutoka ukitoka unajisikia umeoshwa ndani. Mi mwenyewe nilijifukiza, sidanganyi, pua ilifunguka kweli, ila kirusi hakiondoki kwa mvuke. Shida ni pale mtu akishatoka kwenye nyungu anaona barakoa ya nini tena. Na Mei mwaka uleule Rais Magufuli akasema papai na mbuzi wamepimwa wakakutwa na korona, takwimu zikaishia wagonjwa 509 na vifo 21, basi woga ukashuka, kinyaa kikabaki na ndoo zake.

Halafu ikaja chanjo. Julai 2021 Rais Samia kachanjwa mbele ya kamera, na voice za WhatsApp nazo zikaanza, nyingi zilikuwa zinapiga palepale kwenye kinyaa: wanakuingizia nini mwilini?

Shangazi yangu mimi alikuwa anafua noti za elfu kumi kwa sabuni anazianika kwenye kamba na vibanio. Nikamwambia shangazi twende tukachanje, akanitazama we! "Nioshe hela miezi yote hiyo halafu nikaweke uchafu wa watu kwenye damu?"

Haya, maswali. Mama wa kitenge cha njano, anza wewe.