Mlangoni mwa Bwalo Ndipo Mboji Inapoharibikia

Walimu, wapishi, wazazi, na ninyi wanafunzi mlioketi mbele, nawashukuru kwa kunialika. Kwamba mboji ni mbolea ya makombo na majani yaliyoozeshwa, sote tuliomo humu tunajua, kwa hiyo sitapoteza muda hapo. Ndoo mbili mnazoziona juu ya meza tutazirudia baadaye. Nimekuja na neno lile lile nililokwisha kulisema katika mabwalo mengi: mradi wa mboji wa shule hufia mlangoni mwa bwalo, pale mwanafunzi anapokung'uta sahani yake, majuma mengi kabla lundo halijaanza kunuka.

Shule moja iliniita baada ya majirani kulalamikia uvundo. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakata shauri kuufunga mradi, na alichotaka kwangu ni kauli ya kitaalamu kwamba mboji haifai mahali penye watoto. Nilimwomba anipeleke kwanza kwenye lundo, nikakunja mkono wa shati, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Lundo linalofanya kazi hufikia joto la nyuzi 55 hadi 65 za sentigredi katikati yake, joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia; hili lilikuwa baridi kama tope la kisimani. Chini ya ganda kavu la juu palikuwa na tabaka jeusi, lenye utelezi, linalonuka kama mayai viza. Nikaanza kuchomoa: vijiko vya plastiki 14, mirija, glavu moja ya jikoni, na mifuko iliyolala bapa juu ya makombo, kila mmoja ukiwa umekifunika chakula kilicho chini yake kisipate hewa. Nikauliza majani makavu yanawekwa wapi. Nikaonyeshwa moshi. Yalikuwa yakifagiliwa kila asubuhi na kuchomwa nyuma ya madarasa, hatua 30 tu kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

Hapo ndipo mradi ulipokuwa umeharibikia. Vijidudu vinavyoozesha chakula vinahitaji kaboni na nitrojeni kwa uwiano wa takriban 25 hadi 30 kwa 1, na makombo ya jikoni yakiwa peke yake huwa na kaboni karibu nusu tu ya kiasi hicho. Pengo hilo huzibwa na majani makavu, maranda au kadibodi iliyochanwachanwa, ndoo mbili hadi tatu kwa kila ndoo moja ya makombo, na vitu hivyo hivyo ndivyo vinavyoacha nafasi ya hewa kupenya. Hewa ikikosekana, huingia kazini vijidudu vya aina nyingine, vile visivyohitaji oksijeni, navyo hutoa uvundo pamoja na gesi ya methani, ambayo kwa uzito ule ule na katika kipindi cha miaka 100 hupasha joto angahewa takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi. Jambo hilo hilo hutokea ndani ya jaa kubwa la taka, kwa hiyo shule iliyokuwa imekusudia kuliepuka jaa ilikuwa imejitengenezea lake dogo uani.

Nilimwomba mwalimu mkuu majuma matatu. Tulipanga vyombo vitatu mlangoni kwa mfuatano ambao nimeufuata tangu siku hiyo: vimiminika kwanza, plastiki na karatasi za kufungia pili, makombo mwisho, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuondoa kila kisicho chakula hubakiwa na jambo moja tu la kufanya, yaani kukung'uta. Juu ya kila chombo tulining'iniza vitu vyenyewe, kijiko halisi, mrija halisi, kwa maana mtoto wa darasa la kwanza hawezi kusoma bango lenye mistari mitano. Kisha tukamsimamisha mtu mzima pale, kila siku, bila kukosa. Siku ya 9 baada ya kulijenga lundo upya, kipimajoto kilionyesha nyuzi 58, na mwalimu mkuu mwenyewe akaweka mkono juu yake.

Najua mtakaloniambia: mwalimu hana dakika hizo. Nimeisikia hoja hii mara nyingi mno na naomba nijibu waziwazi. Kijiko kinachozuiwa mlangoni hugharimu sekunde moja. Kijiko hicho kikishafika kwenye lundo, kuna mfanyakazi atakayekitafuta kwa mikono yake ndani ya chakula kinachooza, na dakika zake nazo ni dakika. Isitoshe, usimamizi wa mtu mzima ni wa majuma ya mwanzo tu, kisha wanafunzi wakubwa huupokea kwa zamu, nao husimamia kwa ukali kuliko sisi.

Wengine husema makombo wapewe nguruwe. Nchini Uingereza ulishaji wa mabaki ya jikoni kwa mifugo ulipigwa marufuku mwaka 2001, baada ya ugonjwa wa miguu na midomo ambao chanzo chake kilihusishwa na makombo yasiyochemshwa ipasavyo. Sheria ya mahali penu iulizeni kwanza.

Wapo pia wanaosema heri kutokubakiza chakula kuliko kukiozesha, na hao nakubaliana nao kabisa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 zilipotea tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 28 yake ilitoka katika huduma za chakula, ambamo kantini zetu zimo. Pimeni ndoo ya makombo kila siku kwa mizani na muandike uzito ubaoni mpishi auone. Tazameni pia ratiba: mtoto anayewahi mchezo huacha sahani nusu.

Naona naonyeshwa saa. Nyama na mafuta msiviweke katika lundo la wazi, kwa sababu ya panya.

Sasa ndoo. Zote mbili nilizijaza juma lililopita, siku moja, kwa makombo ya sufuria moja. Ya kushoto haina kitu kikavu. Ya kulia ina majani na maranda. Njooni mzifunue, mnuse zote mbili, kisha tuanze maswali.